Ubao wa kilabu cha shangazi: shajara ya mradi, Mtwara

Juni, wiki ya mwisho

Kilabu cha shangazi yangu kipo Magomeni hapa Mtwara, palepale kilipokuwa kabla mimi sijazaliwa. Ukuta nusu, paa makuti upande mmoja na bati upande mwingine, mabenchi chini ya mwembe. Hakina jina. Ukimwambia bodaboda "kwa Shangazi" anakufikisha.

Mradi wenyewe una sehemu mbili. Kwanza nijue kila kinachouzwa pale kinatengenezwaje, kina kilevi kiasi gani, na kinafaa kunywewa lini. Pili nione kama kuna kinachoweza kutiwa kwenye chupa kikauzwa kwenye hoteli za Shangani. Hii ya pili ndiyo iliyomfanya shangazi anipe kona ya stoo. Ya kwanza aliiona ni uvivu wa mtu aliyesoma.

Vifaa: haidromita (hupima uzito wa kinywaji kulinganisha na maji, ambayo ni 1.000; sukari ikizidi husoma juu), kipimajoto cha jikoni, karatasi za kupimia uchachu, silinda ya plastiki, ndoo za lita 20 zenye mfuniko, chandarua kipya cha kuchujia, daftari.

Vilivyopo leo: mnazi, yaani tembo la nazi, kila siku. Pombe ya mtama, mwisho wa wiki au kukiwa na shughuli mtaani. Togwa kwa wasiotumia kilevi. Wanzuki, asali ikipatikana. Ulaka, pombe ya mabibo (tunda la mkorosho), bado, mpaka mabibo yaive. Gongo haipo na shangazi hataki hata isemwe kwa utani. Kuitengeneza bila leseni ni kosa kwa sheria ya 1966, na yeye leseni yake ya pombe za kienyeji kutoka halmashauri ameitia fremu na kuitundika kama wengine wanavyotundika picha ya harusi.

Julai 8

Nimeanza na mnazi kwa sababu ndio unaolipa kodi ya pale.

Mgema wetu anapanda minazi ya upande wa barabara ya Mikindani. Nilimfuata alfajiri. Karara, ala ya maua ya mnazi, likiwa bado limejifunga, analikaza kwa kamba, analipigapiga taratibu kwa mpini wa kisu na kuliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, halafu ndipo anakata ncha. Utomvu unaanza kudondokea kwenye kibuyu. Kila akipanda, asubuhi na jioni, anakata tena kipande chembamba sana, maana kidonda kikikauka tone linakoma. Kipande chenyewe ukikiweka juu ya gazeti unasoma herufi zilizo chini yake.

Nilikuwa na swali moja tu la maana.

"Shikamoo mzee. Hiki kibuyu unakiosha na nini?"

"Marahaba mwanangu. Maji matupu. Ukikitia sabuni kinasahau kazi."

Ndiyo hivyo. Hamira haiwekwi na mtu. Inakaa kwenye kibuyu, kwenye karara, kwenye miguu ya nyuki wanaofuata utamu. Utomvu wa mnazi una sukari asilimia 12 hadi 15 hivi, na kwenye joto letu hamira haihitaji kubembelezwa. Kwa hiyo tembo linalofika kilabuni saa moja asubuhi tayari limeshaanza kuchacha usiku kucha huko juu.

Dumu moja nililiweka kivulini nikalipima siku nzima. Saa moja asubuhi haidromita ilisoma 1.046. Saa sita mchana 1.036. Saa kumi 1.026. Saa mbili usiku 1.016. Kesho yake asubuhi 1.006, na hapo pua yenyewe ilishasema siki. Ukipiga hesabu kuanzia kipimo cha asubuhi, jioni saa mbili kuna kilevi karibu asilimia 4, lakini ukweli ni zaidi kidogo, kwa sababu sehemu ya sukari iliondoka kabla sijaigusa.

Wateja waliposikia nina kipimo walifurahi sana. Wakasema sasa tutamkamata mgema, maana wote tunajua mgema akisifiwa hufanya nini. Ikabidi niwaeleze kwamba haidromita haimkamati. Sukari ikigeuka kilevi kipimo kinashuka. Tembo likitiwa maji kipimo kinashuka vilevile. Chombo hakitofautishi. Ulimi wa yule mzee anayekaa benchi la mwisho unatofautisha, naye halipwi.

Julai 9

Ubao umepata mistari mitatu badala ya mmoja: *mnazi wa asubuhi*, *mnazi wa jioni*, *mnazi wa jana*. Wa asubuhi ni mtamu, una gesi laini, unanywewa na kina mama wanaotoka sokoni. Wa jioni ndio wenye mji. Wa jana una watu wake wachache wanaoupenda mkali, na ukibaki shangazi anautia kwenye achali ya embe.

Shangazi aliutazama ubao, akasema, "Hayo si yote wanayajua?" Wanayajua. Lakini mgeni aliyeingia saa nne asubuhi akapewa wa jana anaondoka akisema mnazi wa Mtwara ni siki, na hilo nimelisikia mwenyewe.

Julai 21

Wanzuki. Asali iliyotoka Liwale imepanda bei. Tumetengeneza ndoo moja tu. Hakuna cha kuandika.

Agosti 11

Huu ndio mwezi wa mtama. Mavuno yameingia, watoto wako jandoni na wari wako ndani, na kila penye ngoma panahitajika pombe. Shangazi hapiki kwa ajili ya kilabu tu, anapikia mitaa. Nimekaa naye tangu kuloweka mpaka kuchuja na nataka kuandika kwa kirefu, maana hapa ndipo nilipojifunza.

Mtama unalowekwa usiku mmoja, unatandazwa kwenye magunia yenye unyevu, unafunikwa. Siku ya tatu vimizizi vimeshikana mpaka ukiinua kona moja ya mtandazo zinakuja zote. Shangazi anauvuruga kwa vidole ili usipate moto, anausubiri siku moja zaidi, halafu anauanika juani. Hicho ndicho kimea. Ukikitafuna kina utamu kwa mbali na harufu ya karanga mbichi.

Kwenye shayiri ya wenzetu kazi inayofuata ni rahisi: maji ya moto nyuzi 65 hivi, vimeng'enya vya kimea vinageuza wanga kuwa sukari, basi. Mtama hautaki hivyo. Wanga wake haulainiki vizuri mpaka joto lipite 70 kwenda juu, na joto hilo ndilo linaloua vimeng'enya. Ukipika chini, wanga unabaki mgumu. Ukipika juu, umewaua wafanyakazi kabla ya kazi. Nimesoma kwamba viwanda vinavyotumia mtama hutatua hili kwa kununua vimeng'enya vya dukani.

Shangazi hanunui kitu. Anatia unga wa kimea kwenye maji ya uvuguvugu, anaacha utulie, na yale maji ya juu yenye rangi ya chai ya maziwa anayachota kwa kata na kuyaweka pembeni, kwenye ndoo iliyofunikwa. Machicha yaliyobaki chini anayapika mpaka yanakuwa uji mzito unaorusha mapovu. Anauepua, anauacha upoe, anazamisha kidole. Kikivumilia kwa kusema "bismillahi" moja bila kutoa, anarudisha yale maji ya juu ndani.

Nilimwomba nizamishe kipimajoto kila alipozamisha kidole. Uji ulikuwa nyuzi 66, na baada ya kurudisha yale maji ukatulia kwenye 58. Vimeng'enya vilikuwa kwenye ndoo ya pembeni vikiwa hai, wanga umelainika jikoni, vikakutana pale ambapo vyote viwili vinaweza kufanya kazi. Ndani ya saa moja uji mzito uligeuka maji. Niliuona ukigeuka: mwiko uliokuwa umesimama wenyewe ulianguka ukagonga ukingo wa sufuria.

"Nani alikufundisha kuchota maji ya juu kwanza?"

"Mama yangu. Alisema ukiyapika yote pamoja pombe inakuwa nzito, haileweshi, inajaza tumbo tu."

Huo ndio mwongozo wote, na hauna haja ya kuongezwa.

Pombe inalala usiku mzima ikichachuka kabla hajaitia machicha ya pombe iliyopita. Uchachu ule wa kwanza ni wa bakteria, sawa na wa maziwa mgando, na ndio unaofukuza wadudu wabaya. Karatasi ya kupimia uchachu ilionyesha pH karibu 4 asubuhi. Kisha hamira inashika zamu. Haidromita ilianza 1.040, siku ya pili jioni watu walishakunywa, pombe ingali inachemka yenyewe kwenye jaba, na hakuna aliyetaka isubiri itulie. Pombe ya mtama iliyotulia, kwa maneno ya shangazi, imekufa.

Agosti 12

Nyongeza. Kuna sheria ya Bavaria, Ujerumani, ya mwaka 1516 iliyosema bia ni shayiri, hopsi na maji, basi. Kwa hesabu hiyo hakuna bia hata moja kwa Shangazi. Nilimsimulia. Akauliza kama hao wa Bavaria wana jando.

Septemba 19

Mabibo ya kwanza yameonekana sokoni, machache, ya njano. Nimeenda Nanguruwe kupanga na mkulima mmoja anayekubali kutuuzia mabibo. Alicheka. Kwake mali ni korosho. Bibo ni kitu cha kuokota chini ili korosho ikatwe. Kwa makadirio ya kawaida kila tani moja ya korosho huja na tani 8 hadi 10 za mabibo, na sehemu kubwa inaozea shambani. Mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazil, na kule Brazil juisi ya bibo ni kinywaji cha dukani. Huku stakabadhi ghalani (karatasi ya mazao yaliyopokelewa ghalani) ina mstari wa korosho ghafi. Bibo halina hata mstari.

Nimemuuliza jambo moja tu: mara ya mwisho kupulizia salfa ilikuwa lini. Salfa inapulizwa maua yakitoka, kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na bila hiyo huku hakuna msimu. Lakini vumbi lake likibaki kwenye tunda, hamira huligeuza harufu ya yai viza, na pipa zima linanuka. Shangazi hajui habari za hamira na salfa, ila anajua kwamba "mabibo ya mwanzo yananuka, subiri ya katikati". Tumekubaliana kusubiri, na kuosha.

Oktoba 17

Mabibo yameingia kwa kasi. Pickup ilishusha asubuhi na mpaka mchana stoo nzima ilikuwa inanuka utamu. Tunda hili halingoji. Lililodondoka leo likilala usiku mmoja limeshaanza kuvunda lenyewe. Kwa hiyo kazi ni siku hiyohiyo: kutenga korosho, kuosha, kukamua. Tunakamua kwa mikono na kwa kinu, kisha kwenye chandarua. Aproni zote sasa zina madoa ya kahawia na hayatoki.

Juisi ilisoma 1.048. Kwa vitamini C bibo linalizidi chungwa karibu mara tano, na hilo nimeliandika kwenye ubao kwa sababu wateja wanapenda sababu.

Tatizo la bibo ni ukakasi. Tanini inashika ulimi na kukwaruza koo, na mgeni akionja mara ya kwanza anakohoa. Hapa nilitaka kujaribu njia inayojulikana kwa watengeneza juisi: wanga wa muhogo. Unapika uji mwepesi wa wanga, unaupoza, unaukoroga kwenye juisi. Tanini inaushika wanga, vinakuwa mabongemabonge, vinazama. Niliweka ndoo mbili pamoja, moja kwa wanga, nyingine bila. Baada ya saa chache ile ya wanga ilikuwa na tope jeupe chini na juu juisi ya dhahabu, unaona kidole upande wa pili wa bilauri. Nyingine ilibaki na ukungu wake.

Hamira hatukutia. Usiku zote mbili zilikuwa zinatoa povu.

Oktoba 19

Siku ya kuonja. Zote zimefika 1.010, yaani kilevi karibu asilimia 5. Hatukusema ipi ni ipi. Tulimimina kwenye makopo tukayaweka mezani.

Vijana na wageni wawili wa kampuni ya gesi walichukua ile angavu, wakaomba tena. Wazee waliionja, wakaiweka chini. Yule wa benchi la mwisho alisema, "Hii ni juisi ya mtoto. Ulaka lazima ukukwaruze, ndipo ujue umekunywa." Akaivuta ya ukungu.

Nikiwa mkweli, ile angavu ni safi na ni tamu na haina mahali inapotoka. Ingeweza kuwa tufaha. Nimeiandika ubaoni kwa jina *ulaka mweupe*, bei moja na mwenzake, na tutaona ipi inaisha kwanza. Sioni sababu ya kuwalazimisha wazee.

Novemba 5

Chupa. Wiki hii nzima ni chupa.

Shida ya kwanza ni gesi. Ulaka hauachi kuchacha kwa sababu umeutia kizibo. Zile za plastiki za soda zilivimba mpaka zikawa haziwezi kusimama. Za kioo sikuthubutu kuziweka karibu na watu. Nilizifunika kwa gunia lenye maji, na usiku mbili zilipasuka.

Shida ya pili ni dawa ya shida ya kwanza. Ukitumbukiza chupa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa muda wa kutosha, hamira inakufa na chupa inakaa. Ilikaa kweli. Lakini nilipoifungua, harufu ya bibo bichi ilikuwa imeondoka, na mahali pake kulikuwa na harufu ya jamu. Si mbaya. Ni kinywaji kingine.

Shida ya tatu ni ya karatasi. Leseni ya shangazi ni ya kuuza pale pale, kikombe mkononi. Chupa yenye lebo inataka jengo la kupikia linalokaguliwa, vipimo, alama ya TBS, shirika la viwango. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji na ufungashaji, na Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, wamekuwa wakionyesha wakulima mvinyo na jamu za mabibo kwa muda mrefu. Njia ipo kwa mwenye mtaji. Ni njia ya kiwanda, lakini. Inataka mtu akae ofisini, na kilabu kinataka mtu akae kilabuni.

Nilimwekea shangazi chupa iliyopitishwa maji ya moto na kopo la ulaka wa leo. Alionja vyote viwili bila kusema kitu, akamalizia kopo, akairudisha chupa kwangu.

Novemba 8

Nimelifikiria hili kwa siku mbili na naandika msimamo wangu ili nisirudi nyuma: hatutii chupa.

Ubelgiji, upande wa Brussels, kuna watengeneza bia inayoitwa lambic. Wanauacha uji wao wa shayiri na ngano wazi usiku ili hamira ya hewani iingie yenyewe, na kwa desturi hupika miezi ya baridi tu, Oktoba hadi Aprili hivi, kwa sababu kiangazi hewa inaleta wadudu wasiotakiwa. Watu wanasafiri kuifuata huko, na hakuna anayewaambia wapike Julai. Msimu wao ni sehemu ya bei.

Kwa Shangazi nako kuna msimu, na kuna saa. Mtama ni Julai na Agosti. Ulaka ni Oktoba mpaka mwanzo wa Desemba. Mnazi una asubuhi na una jioni. Wanzuki ni asali ikishuka bei. Hoteli ya Shangani inayotaka kitu kile kile mwaka mzima iende ikanunue bia ya chupa, ipo tele. Wageni wake wakitaka ulaka, ni dakika chache kwa bajaji, waje saa kumi.

Shangazi alipolisikia hili alisema kilichomfurahisha ni kwamba kona ya stoo inarudi.

Desemba 14

Ubao mpya umetundikwa. Ni mbao mbili za bati lililopakwa rangi nyeusi, mafundi wa geti ndio walionikatia. Upande wa kushoto ni *Leo*, shangazi anaandika mwenyewe kwa chaki: nini kipo, kimefika saa ngapi, kilevi takriban kiasi gani. Upande wa kulia ni *Mwaka*, miezi kumi na miwili, na kila kinywaji kimepigwa mstari kwenye miezi yake. Togwa ina mstari mzima. Gongo haipo.

Asilimia za kilevi zimezua ubishi kuliko nilivyotegemea. Mteja mmoja wa siku nyingi alitaka kujua kwa nini mnazi wa jana umeandikwa 5 na yeye anauhisi kama 10. Nimemwambia anywe polepole. Jambo moja zuri: waendesha bodaboda wawili sasa wanauliza togwa mchana na mnazi baada ya kuegesha. Sijui litadumu.

Mvua zimeanza. Mgema anasema kibuyu kikijaa mvua yeye hana kosa, na safari hii hata mzee wa benchi la mwisho amekubali.

Ulaka mweupe uliisha kabla ya mwenzake wiki tatu mfululizo, kisha mwezi wa kumi na moja ulipofika katikati ukaanza kubaki. Wageni waliondoka. Msimu ujao tutatengeneza ndoo chache za mweupe mwanzoni tu.

Kinachofuata: kochoko. Mabibo yaliyokaushwa yanakaa miezi, na ukiyaloweka yanachacha tena. Nataka kuona kama ulaka wa kochoko, usiokwenda jikoni kukenekwa (kugeuzwa gongo), unaweza kuupa ubao mstari mfupi mwezi wa tatu. Shangazi hataki. Huku kochoko inajulikana kwa kazi moja tu, na mgambo akipita akainusa hatasubiri nimweleze habari za haidromita. Jumatatu nakwenda kwa mtendaji wa kata kuuliza kwanza, kabla hata ya kuloweka kilo moja.